Mkono wa Bibi Mwavuli

Trrr. Trrr-trrr. Kimya. Kisha tena trrr, ndefu safari hii, kama mende aliyefungiwa ndani ya kiberiti.

Cheche aliusikia mlio huo akiwa bado nje, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umekumbatia mfuko wa vipuri. Akasimama. Aliujua mlio ule kama mzazi anavyokijua kilio cha mwanawe, na alijua pia kwamba alipotoka asubuhi alichomoa kila kitu ukutani. Ndani hakukuwa na mtu ila baba yake, na baba yake alikuwa amekula kiapo kwamba hagusi.

Akausukuma mlango taratibu.

Sebule yao ilikuwa ndogo, na nusu yake ilikuwa imemezwa na Bibi Mwavuli. Alisimama kati ya makochi, mrefu kuliko mtu, mwili wa mbao nyepesi, gauni la mabaki ya vitambaa vya kila rangi, miwani ya waya puani, na mkononi mwavuli ulioshonewa balbu ndogondogo kila ubavu. Mwavuli ulikuwa unawaka. Kichwa kilikuwa kinatetemeka. Chini yake, juu ya kigoda, alikaa baba, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha kuazima, wa kushoto umeshika swichi.

"Huyu ana homa," alisema bila kugeuka.

"Nani kakwambia umwashe?"

"Nimemwasha mimi? Kajiwasha." Akazima, Bibi akatulia. Akawasha, Bibi akatetemeka. "Unaona? Mwavuli ukiwaka tu, shingo inapigwa na baridi. Mimi nikimvuta kwa kamba hakuwahi kutetemeka hata siku moja."

"Ndiyo maana nimetoka. Taa na mota zinakula sahani moja, baba. Taa zikishapakua, mota zinabaki na njaa." Akatoa mfukoni kisanduku kizito cha umeme, akakiweka mezani. "Nimewaletea sahani ya pili."

"Na aliyekuuzia hakukusumbua?"

"Aliniona msichana, akaniambia nikamwite fundi mwenyewe aje, asije akaniuzia kitu nikamharibia kazi aliyenituma."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia fundi kanituma, ana haraka, na leo kaamka na hasira."

Baba alitaka kucheka. Mdomo ulishafunguka. Kisha akakumbuka kwamba yeye na jambo hili hawasemezani, akanuna upya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kwenye kona ya mtaa wa maduka palikuwa na duka kubwa la vitambaa, na duka hilo lilikuwa na dirisha pana la kioo. Kila jioni, taa za barabarani zikianza kuwaka, watu walikusanyika mbele ya kioo hicho kumtazama Bibi Mwavuli. Bibi aliinua uso kutazama mbingu. Akageuka kama anayekwenda zake. Akatazama tena, kwa wasiwasi, kama mtu aliyewahi kuloweshwa na mbingu hiyohiyo. Ndipo akaufungua mwavuli, paa! na mwanga ukamwagika hadi kwenye viatu vya watazamaji. Walicheka palepale kila siku, na kesho yake walirudi kucheka tena.

Baba ndiye aliyemchonga. Mama ndiye aliyemvisha. Na nyuma ya pazia jeusi, juu ya benchi, baba ndiye aliyevuta kamba. Hakuna aliyemwona. Aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa mizigo, akavua viatu na kuvishika mkononi kwa sababu meneja hakutaka alama za nyayo kwenye sakafu ya dirisha. Ndani ya duka walimwita Mzee Kamba. Nje ya duka hawakumwita chochote.

Halafu bega likafa. Mkono wa kulia ukagoma kupita kifua, na bila mkono huo mwavuli haufunguki. Meneja alikuja mwenyewe kumtazama Bibi aliyeganda. "Ijumaa," alisema. "Ikifika Ijumaa jioni huyu bibi awe anajiendesha mwenyewe, la sivyo naweka luninga kubwa hapa, ionyeshe matangazo. Dirisha ni langu. Bibi ni wenu, mtajua wenyewe pa kumpeleka."

Ndipo Cheche, aliyekuwa akitengeneza redio na simu kwenye kibanda chake, aliposema, "Atajiendesha." Jina hilo la Cheche alipewa utotoni, siku alipotia msumari kwenye soketi na kuzima nyumba nzima. Tangu hapo umeme na yeye wakawa kama ndugu wa tumbo moja: wanagombana, hawaachani. Alitafuta mota ndogo za servo, zile za kutii. Mota ya kawaida ukiipa umeme inazunguka mpaka ichoke. Hizi unazipelekea mapigo mafupi ya umeme, pigo likirefuka kidogo inageukia huku, likifupika inageukia kule, na ikifika ulipoiambia inasimama papo hapo, imetulia. Alitia moja shingoni, moja kiunoni, moja begani, moja kwenye mwavuli, na moja, ndogo kuliko zote, kwenye kope ya jicho la kushoto. Kilichobaki kilikuwa ubongo wa kuziamrisha, pamoja na taa. Wa kununua bei yake haikuwa ya mfuko wao. Basi aliuunda mwenyewe: chipu moja, bodi iliyojaa vitundu, na risasi ya kulehemia iliyomchoma vidole mpaka akaacha kuhesabu malengelenge. Nyumbani walikiita kijisanduku.

* * *

Sahani ya pili iliiponya homa. Cheche alizipa mota umeme wao na taa umeme wao, akaziunganisha waya za kurudi mahali pamoja ili zote zisikie lugha moja, akawasha. Mwavuli ukawaka. Shingo ikasimama tuli. Akabonyeza kitufe, na Bibi akainua uso, akageuka, akatazama, akafungua mwavuli, akafunga.

Mama aliingia wakati huo na mzigo wa mashuka ya kupindwa, kwa maana alikuwa mshonaji na meza yake ya cherehani ilikuwa hapohapo sebuleni. Akatua mzigo. Akatazama mzunguko mzima.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Mama! Si Bibi!"

"Huyu si Bibi. Huyu ni mlango. Unafunguka, unafungwa." Akakaa, akaanza kutia uzi kwenye sindano. "Sisemi hujafanya kazi, mwanangu. Lakini mlango watu hawaukusanyikii."

Ubaya wa maneno ya mama ni kwamba yalikuwa kweli. Kila kitu kilitembea kwa mwendo mmoja, kikafika kwa wakati mmoja. Cheche akamgeukia baba yake.

"Nionyeshe basi. Unafanyaje pale anapotazama mara ya pili?"

"Sijui."

"Baba."

"Sijui, nakwambia! Mkono ndio unaojua, na mkono umekufa." Kisha kwa sauti ya chini iliyouma zaidi: "Na ningejua, unataka nini? Nikufundishe kunichimbia kaburi, halafu nikushikie na koleo?"

"Kaburi gani wewe," mama alidakia bila kuinua macho, "na chakula chako ni cha watu wawili!"

"Wewe shona."

"Nashona. Na Ijumaa ikipita hivihivi nitashona peke yangu mpaka vidole viote kutu, kwa hiyo nikishona nitasema pia."

Cheche alitoka. Walimsikia nyuma ya nyumba akipekua kwenye lundo la redio mbovu, akivunja, akitupa, akisonya. Aliporudi alikuwa na vifundo vitano vya sauti, vile vya kuzungusha kwa vidole, kila kimoja cha redio yake, kimoja cheupe, kingine kimepasuka. Alikaa sakafuni, akalehemu mpaka chumba kikanuka moshi, akavipanga vifundo juu ya kipande cha ubao, akauweka ubao juu ya paja la baba yake, upande wa kushoto.

"Hiki ukikizungusha kwenye redio sauti inapanda," alisema. "Hapa sauti hakuna. Hapa ni shingo. Zungusha."

"Nina mkono mmoja, mwanangu. Bibi ana viungo vitano."

"Tunaanza na shingo peke yake. Wewe unaicheza, kijisanduku kinakariri. Halafu tunarudi mwanzo, shingo inajicheza yenyewe kama ulivyoicheza, wewe unaongeza kiuno. Halafu bega. Kama mtu anayeimba na sauti yake mwenyewe ya jana."

Baba alikitazama kifundo kana kwamba kingemng'ata. Akakigusa kwa kidole kimoja. Juu yake, Bibi akasogeza uso, kidogo tu. Baba akashtuka, akakirudisha; Bibi akaurudisha uso. Mama aliacha kushona.

Alizungusha. Vidole vilikuwa vizito na shingo ikaruka kama ya kuku. Akatukana, akaomba radhi, akaanza upya. Mara ya nne au ya tano midomo yake ikaanza kutembea, akihesabu ile hesabu yake ya siku zote ambayo hakuwahi kumfundisha mtu, na kichwa cha Bibi kikainuka mbinguni pole, kikashuka, kikageuka, kikasita katikati ya njia. Pale katikati hapakuwa na sababu ya kusita. Lakini kikasita, na mama akatoa mguno mdogo kooni.

Cheche akabonyeza kitufe. "Sasa toa mkono."

Baba akautoa. Kichwa kikainuka chenyewe, kikashuka, kikageuka, kikasita.

Cheche alimtazama baba yake, akisubiri machozi au ngumi, chochote.

"Rudisha mwanzo," alisema baba. "Hapo kwenye kugeuka nimechelewa."

Walifanya kazi siku mbili hivyo, na viapo vyote vilisahaulika. Kope ndiyo iliyowapa taabu kuliko kiungo kingine. Baba hakuwa na kamba ya kope enzi zake. Hakujua Bibi anakonyezaje. Mama ndiye aliyesema, "Mkonyezo si jicho, ni kuchelewa kulifungua," na alipoulizwa kajuaje akasema hawezi kueleza mambo ya ujana wake mbele ya mtoto.

* * *

Siku ya Ijumaa Cheche alikwenda kibandani asubuhi kumkabidhi mteja simu yake. Aliporudi alimkuta Bibi Mwavuli amekwisha lazwa kwenye mkokoteni, amefunikwa shuka, na waya zote zimekunjwa vizuri, zimefungwa kwa uzi, zimetiwa mfukoni. Baba alikuwa na furaha ya mtu mwenye siri. Vidole vyake vilinuka rangi.

"Nimekusaidia," alisema.

"Asante, baba," alisema Cheche, na haraka ya siku ile ikamzuia kuuliza zaidi.

Waliingia kwa mlango wa mizigo. Baba alivua viatu. Cheche hakuvua; meneja akamtazama miguuni, akavua. Walimsimamisha Bibi mahali pake kati ya kioo na pazia jeusi, mama akamnyoosha gauni, na Cheche akafungua mfuko.

Waya zilikuwa nyeusi.

Zote. Nyekundu, njano, kahawia, za taa, za mota, za umeme wa kwenda na wa kurudi: zote zimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa uangalifu, bila kuruka hata upana wa kidole kimoja, kutoka mwisho hadi mwisho. Ilikuwa ile rangi ya kopo ambayo baba alipaka kamba zake kila msimu.

"Baba," alisema Cheche. "Umefanya nini?"

"Zilikuwa zinaonekana. Nyekundu ile ukiwa barabarani unaiona kabisa." Alisema kwa fahari. "Sasa hazionekani."

Meneja alifunua pazia. "Mnangoja nini? Nina mafundi wa luninga wanasubiri simu yangu. Iwashe nione."

"Nipe dakika chache, nina waya za kutambua."

"Kutambua? Umetengeneza mwenyewe au hukutengeneza?"

Hapo ndipo Cheche alipokosea, na alijua anakosea. Kipimo cha umeme alikiacha nyumbani. Alizishika waya mbili za sahani ya mota, akazitazama, akajaribu kukumbuka ipi ilikuwa kushoto alipozifungua, na macho ya meneja yalikuwa shingoni mwake kama upepo wa feni. Ingekuwa mbele ya mtu mwingine angesema sijui. Mbele ya huyu hakusema. Alibahatisha, akakaza skrubu, akawasha.

Tiki. Moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye kijisanduku, wa samawati, mzuri kutazama, na harufu ikajaa dirishani.

"Moshi!" alipiga kelele meneja. "Moshi dukani kwangu, katikati ya vitambaa! Zima! Zima hicho kitu!" Cheche alikuwa ameshazima. "Nilijua. Unampa mtu nafasi, anakuletea takataka za jalalani. Saa kumi na mbili narudi hapa. Kama huyo mwanasesere hajatikisika, atolewe nje usiku huuhuu, na nyie mumfuate."

Pazia lilianguka nyuma yake.

Mama alimgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa ya chini kwa sababu dukani walikuwa na wateja. "Umefanya makusudi."

"Mimi?"

"Hukutaka kijisanduku tangu mwanzo. Ukaimba, ukacheka, ukatungoja mpaka siku ya mwisho."

Baba alimtazama Cheche. Alionekana amezeeka kuliko asubuhi. "Kamba haionekani," alisema. "Maisha yangu yote hiyo ndiyo kazi nzuri. Ukionekana umeharibu. Nilitaka kazi yako iwe nzuri, mwanangu. Sikujua kuwa rangi zile zilikuwa na maana."

Cheche alitaka kumkasirikia. Alikuwa na haki hiyo na hasira yenyewe alikuwa nayo, tele. Lakini alimwona mzee wa watu, kasimama pekupeku ndani ya sanduku la kioo, viatu mkononi, akiomba msamaha kwa kumfichia bintiye waya kama alivyojificha yeye. Hasira ikapata mlango wa kutokea, ikatoka.

"Mama," alisema, "nyumbani chini ya meza kuna ile bodi ya kwanza. Ile niliyojifunzia, yenye risasi mbaya mbaya. Niletee hiyo na kipimo changu, kile cha njano. Vijimota vilikuwa havijachomekwa, vimepona. Ubongo ndio uliokufa."

Mama alikuwa ameshatoka.

"Na kile kilichokaririwa?" aliuliza baba.

"Kimekufa nao."

"Kila kitu? Hata kope?"

"Hata kope. Utacheza upya, baba. Hapahapa."

Baba aliketi kwenye benchi lake la zamani, nyuma ya Bibi. Alivuta pumzi, akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto, akavikunja.

"Mwanasesere, eti," alisema. "Umemsikia? Kamwita Bibi mwanasesere."

"Nimemsikia."

"Niwekee ubao."

* * *

Taa za barabarani zilipowaka, watu walikuwa wameshaanza kusimama. Walikuwa wamemkosa Bibi kwa wiki kadhaa. Mama, aliyekuwa amerudi akihema na kijasho kikimtiririka, alichungulia pembeni ya pazia. "Wapo," alinong'ona. "Wapo wengi, jamani."

Meneja alitokea upande wa ndani ya duka, saa mkononi. Cheche hakumtazama. Alikuwa amezipima waya zote moja baada ya nyingine na kuifunga kila moja kipande cha kitambaa kutoka kikapuni mwa mama: nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano. Bodi ya kwanza ilikuwa mbaya ya sura, imejaa mabonge ya risasi kama uso wenye ndui, lakini haikutoa moshi. Akabonyeza kitufe.

Bibi Mwavuli akainua uso. Nje mtu akasema, "Huyoo!" Akatazama mbingu, akashusha uso, akageuka kama anayekwenda zake, akasita. Watu wakaanza kucheka kabla ya wakati, kwa kuwa walijua kinachokuja. Akatazama tena, kwa wasiwasi uleule wa zamani.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kabla ya kufungua mwavuli, aligeuza kiuno pole, akaangalia nyuma ya bega lake, ndani ya duka, moja kwa moja kuelekea mahali ambapo meneja husimama. Akamtazama mtu huyo kwa muda mrefu, kama anayetazama tope asilotaka kulikanyaga. Akawarudia watu wa nje. Kope ya kushoto ikashuka, ikachelewa kufunguka. Ndipo mwavuli ukafunguka, paa! na mtaa mzima ukalipuka kwa kicheko.

Cheche alimtazama baba yake. Baba alikuwa anatazama dari.

"Mkono uliteleza," alisema.

Meneja hakuwa ameelewa. Aliona umati tu. Aliingia nyuma ya pazia akipiga makofi, akamshika Cheche bega. "Hongera! Hiki ndicho nilichotaka. Sasa nisikilize, binti. Sanduku libaki hapa. Wewe utakuwa unapita mara mojamoja kulifuta vumbi, tutakupa chochote kitu. Mzee huyu apumzike. Mwili umechoka, hata wewe huoni?"

"Na kazi yake?"

"Kazi gani tena?" Meneja akakigonga kijisanduku kwa ukucha. "Si ameshaingia humu?"

Alisema kwa wema, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alikuwa anatabasamu. Nyuma ya kioo mwavuli ulifungwa, Bibi akarudi mwanzo, akaanza kutazama mbingu tena. Baba alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu chini ya benchi, kama mtu aliyeagizwa.

Cheche alifikiri juu ya nyumba, juu ya mashuka ya mama yasiyokwisha, juu ya kibanda chake kisicholisha hata paka. Alifikiri juu ya hayo yote, kwa haki kabisa, na mkono wake ukapanda ukalishika pazia jeusi na kulivuta kwa nguvu zake zote. Pete zikalia kwenye fimbo kutoka mwisho hadi mwisho.

Kicheko cha nje kilikatika. Watu waliona benchi. Waliona mzee mfupi, pekupeku, ubao wa vifundo vya redio pajani na waya nyeusi zenye matambara ya rangi zikitoka kwake kwenda mgongoni mwa Bibi. Mzee akaganda kama aliyekamatwa akiiba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu ya kifundo, na kwa woga alikigeuza. Kijisanduku, kifundo kilipogeuzwa, kilimsikiliza yeye kuliko kilichokaririwa. Bibi akageuza uso akamtazama.

Msichana mdogo aliyebebwa mgongoni alipiga kelele iliyopenya hata kioo: "Kumbe ni babu!"

Mtu akapiga kofi moja. Akafuata mwingine. Halafu hawakuhesabika.

"Funga hilo pazia!" alisema meneja, tabasamu limekwisha. "Nani kakuruhusu? Funga!"

"Pazia nimelishona mimi," alisema mama. Alikuwa ameshaanza kulichomoa kwenye pete, moja moja, bila haraka. Alilikunja mara mbili, akalitia kwapani. "Na gauni nimelishona mimi. Wewe chako ni kioo. Kibaki salama."

"Mama yake, fikiri. Kesho mtakula nini?"

"Ya kesho tutayajua nyumbani." Akamgeukia Cheche. "Unasubiri nini? Shika miguu, mimi nashika kichwa. Mzee, mwavuli huo."

Cheche alizima, akachomoa kijisanduku, akakitia kifuani ndani ya blauzi ambako bado kilikuwa na joto. Wakamnyanyua Bibi. Walipotoka dirishani na kuingia dukani, kati ya majora ya vitambaa na wateja waliosogea kuwapisha, mlinzi aliwawahi, akiwa na aibu kuliko ukali.

"Mzee Kamba, shikamoo. Njia ya mizigo ni kule nyuma, mzee wangu."

"Marahaba," alisema baba.

Akasimama. Akauegemeza mwavuli kwenye kaunta. Akaviweka viatu vyake chini, katikati ya sakafu inayong'aa, akatia mguu mmoja, kisha wa pili, na kwa mkono wake mmoja akafunga kamba, pole kwa pole, ile ya kushoto na ile ya kulia. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alikanyaga mara mbili, kuona kama vimekaa.

"Sisi si mizigo," alisema.

Mlinzi akawafungulia mlango wa mbele.

Nje, watu waliwapisha njia. Wengine walitaka kumgusa Bibi gauni. Yule msichana mdogo alimgusa babu badala yake, kidoleni, kuhakikisha. Waliulaza mwili mrefu kwenye mkokoteni, na mama akaufunika miguu kwa pazia lake. Baba alishika ubavu wa mkokoteni, akamtazama Bibi, akamtazama bintiye, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kwenye nyumba aliyoishi maisha yote akakumbuka hana nyingine.

"Tumefanya nini, mwanangu? Sasa tutamweka wapi?"

Cheche aliukamata ule mkono wa kushoto, wenye vidole vilivyobaki na rangi nyeusi kucha zote, akauinua juu kidogo, mbele ya watu waliokuwa wakisikiliza.

"Kwenye ukuta wetu, upande wa barabara," alisema kwa sauti ambayo hata dukani waliisikia. "Kesho taa zikiwaka. Na wewe utakaa mbele, baba, kwenye kiti, si nyuma ya kitu chochote. Rangi ile nitaikwangua mwenyewe, waya kwa waya, mpaka nyekundu iwe nyekundu na njano iwe njano. Nakuahidi, na hawa wote wanisikie: hatapita mtu pale akacheka, akaondoka bila kujua mkono ule ni wa nani."